Kidole cha Baba Mdogo

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Kisimani mara mbili kabla ya chai. Ng'ombe amenipiga teke tena. Anamtaka mama tu. Sufuria nimesugua zote, sasa nimekaa nyuma ya jiko na daftari.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama husoma Biblia ya Kigusii peke yake, na kaka yangu Josia anajidai hasomi kitu kisicho Kiingereza. Hapa niko salama.

Kazi ya likizo: mwalimu wa historia anataka tuandike juu ya kitu kilichojengwa kwetu kikaanguka. Nimechagua ushirika wa pareto wa mlima wetu. Ukweli ni kwamba nilidhani ni mambo ya vitabu, kwamba sitalazimika kuongea na mtu. Ndipo mwalimu akasema historia bila kuuliza watu ni porojo.

Jumanne, 3 Agosti

Wanachojua wote, niandike kwanza.

Watu walipanda pareto, maua ya dawa ya kuua wadudu, wakayakausha, wakayapeleka ghalani. Baba mdogo Mogaka aliyapima. Karani aliandika kitabuni. Pesa zikalipwa. Halafu mwishoni mwa 1968 wakaguzi wakaja na gari, wakakuta kitabu kina maua mengi kuliko yaliyouzwa. Pesa zilikuwa zimelipwa kwa maua ambayo hayakuwapo. Ushirika ukafa. Wakaguzi hawakumtaja mtu. Watu wakamtaja. Walisema Mogaka alikuwa akibonyeza mizani kwa kidole ili magunia ya rafiki zake yawe mazito, kisha wanagawana.

Tangu hapo anaitwa Kidole. Watoto humwita hivyo wakiwa mbali, wakubwa akishapita.

Sasa wanataka kuufufua ushirika. Mkutano ni tarehe 26. Baba mdogo hataungoja. Amepata mtu wa Keroka wa kununua shamba lake, anakuja tarehe 27 kuliona. Wakiuza watahamia Kitale, na Bosibori ataenda nao. Bosibori ni binti yake na ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama miguu yangu.

Akienda sijui nitafanya nini. Basi.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda kwa mzee Ombati, mwenyekiti wa zamani. Nilikuwa nimekariri salamu na swali. Salamu ilitoka. Swali likakataa. Nikasimama pale kama mti wa uzio.

Mkewe akanihurumia, akanipa chinsaga na ugali wa wimbi. Nikala vyote kwa woga. Mboga chungu ile, na mimi siipendi.

Halafu Mungu akaingilia. Mzee aliuliza kama mwandiko wangu ni mzuri. Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Akaingia ndani akatoka na kitabu cha ushirika, kikubwa kama trei. Anataka nakala safi ya majina na mapimo yote ili isomwe mkutanoni, maana chake kimeliwa na mende. Kimeandikwa Kiingereza. Yeye alikuwa akiweka dole gumba tu mwisho wa kila ukurasa.

Nimerudi nimekibeba kichwani. Sikuuliza hata swali moja na nimepata kila kitu. Nimefurahi kishenzi.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimegundua jambo: ukikaa kimya na kalamu, watu wanaongea wenyewe. Mama Nyaboke jirani ameniambia, bila kuulizwa, kwamba mumewe aling'oa pareto yote kwa hasira siku moja na kesho yake akataka kuirudisha ardhini. Mzee wa kinu amesema alikuwa ameshanunua bati za nyumba na mpaka leo ziko chini ya kitanda. Ghala lenyewe linalaza kuku. Karani alifungua duka Keroka. Hakuna aliyejiuliza alipata wapi mtaji, kwa sababu wote walikuwa wanatazama kidole.

Yote hayo nimeandika. Mimi, ambaye darasani hujibu "sijui" hata ninapojua.

Jumatano, 11 Agosti

Sokoni Daraja Mbili na baba mdogo na Bosibori kuuza viazi. Baba mdogo akijaza debe, husimama kando mikono nyuma ya mgongo kama polisi. Mnunuzi anatikisa debe mwenyewe, anaongeza mwenyewe. Mama mmoja wa mitumba anayetujua alipaza sauti, "Mtazameni mikono huyo." Watu wakacheka. Baba mdogo pia akacheka.

Kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi. Njiani kurudi Bosibori alibeba gunia tupu kichwani ili tusione uso wake.

Nina hasira. Sijui nimpelekee nani.

Ijumaa, 13 Agosti

Nakala inakwenda. Wakaguzi walitia alama ya wino mwekundu kwenye mistari isiyokuwa na maua. Ina majina ambayo hakuna mtu hapa anayeyajua. Watu husema ndio rafiki za Mogaka.

Leo jioni nimefika mstari mmoja mwekundu, magunia mengi mno, tarehe 24 Agosti 1968. Nikaiona tarehe hiyo kama mtu ninayemfahamu. Nikafikiri. Halafu nikaenda kuchukua Biblia yangu ya Kiswahili. Ndani, kwa mwandiko wa baba mdogo: Kwa Kemunto, makambi ya Nyanchwa, 24 Agosti 1968.

Siku ya makambi mlima mzima ulishuka Nyanchwa kusali. Hata mbwa walitufuata. Nani alipima pareto?

Nilitaka kukimbilia kitabu. Mama alikuwa ameshakifunika kitambaa. Jua lilikuwa linazama, Sabato inaingia, na Sabato nyumbani kwetu hakuna kitabu cha pesa kinachofunguliwa. Nikasema ni kwa ajili ya shule. Akanitazama. Nikakiacha.

Jumamosi, 14 Agosti

Jua limezama, ndipo naandika.

Sijawahi kuona Sabato ndefu namna hii. Kanisani baba mdogo alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kama miaka hii yote. Zamani alikuwa besi ya kwaya. Sauti yake ilikuwa inatikisa vioo, na mama, aliyekaa mbele yake, alikuwa akiziba masikio yote mawili kisha akiomba msamaha kwa Mungu. Sasa anachezesha midomo tu.

Mchana, wakati wa sala ya nyumbani, nilifumbua macho. Natubu. Mama amebandika kalenda kuukuu kwenye kuta zote za sebuleni, kwa gundi ya unga, kuzuia vumbi la udongo. Mwaka 1968 uko nyuma ya kabati. Niliona ncha yake. Kutazama ukuta si kazi, nadhani.

Giza lilipoingia tu nikamwomba Josia asukume kabati. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna panya. Kweli walikuwapo, wamekula kuanzia Septemba. Lakini Januari mpaka Agosti ipo.

24 Agosti, Jumamosi. Nilijua.

Kisha nikatazama mstari mwekundu mwingine. 9 Machi. Jumamosi.

Jumapili, 15 Agosti

Bosibori amekuja asubuhi. Yeye alisoma tarehe, mimi nikatafuta ukutani. Mistari yote myekundu ya kabla ya panya ni Jumamosi. Yote. Mistari isiyo na wekundu, hakuna hata mmoja ulio wa Jumamosi. Bila shaka. Ghala lilikuwa likifungwa Ijumaa jua likizama na kufunguliwa Jumapili. Kila mtu anajua. Lakini kitabuni hakuna jina la siku, tarehe tu, na wakaguzi walitoka mbali. Sisi tunaojua hatukusoma.

Tukakaa chini kujiuliza kwa nini mwizi achague siku mbaya hivyo. Bosibori ndiye aliyepata. Karani alikuwa amepanga chumba Kisii mjini na kitabu alishuka nacho kila Ijumaa kwa baiskeli. Yeye kanisa lilikuwa limemshinda. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa huru. Alikaa chumbani kwake, akabuni majina ya kuchukulia pesa, na mkono wake ukaandika tarehe ya siku ile kama mkono wa karani ulivyozoea.

Tulicheka mpaka mama akaja kuona kama tumeumwa na siafu. Halafu Bosibori akalia kidogo. Halafu tukacheka tena.

Jumanne, 17 Agosti

Tumemwambia baba mdogo. Alisikiliza huku akinoa jembe. Akasema, "Acheni, wanangu. Wakitaka kuamini wataamini, wasipotaka watasema kalenda nayo nimeibonyeza." Akaendelea kunoa.

Amechoka. Hilo sikuwa nimeliona. Nilidhani amezoea.

Bosibori anasema lazima isomwe mkutanoni. Nikamwambia asome yeye. Akasema, "Mimi binti wa Kidole? Watanizomea kabla sijafungua mdomo. Ni wewe." Nimekataa mara nyingi. Naogopa zaidi ya ninavyompenda, na kuliandika hili kunaniuma.

Jumatatu, 23 Agosti

Mzee Ombati amekuja kuchukua kitabu. Nilimwonyesha ukuta, kwa kidole tu, bila maneno mengi. Alitazama muda mrefu. Dole gumba lake liko chini ya kila ukurasa ule. Nilidhani atanikemea, au ataondoka na nakala pia na mambo yaishe.

Akakirudisha kitambaa juu ya kitabu, polepole. Akasema, "Alhamisi utasoma wewe. Mimi macho yamekwisha." Macho yake ni mazima. Juzi alimwona mbuzi wetu shambani kwake kutoka ng'ambo ya mto.

Bosibori ananiambia wameanza kufunga vyungu kwa majani makavu ya migomba. Sijala.

Alhamisi, 26 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Watu walijaa mpaka nje ya ghala. Kuku walifukuzwa, wakarudi. Baba mdogo alisimama nje dirishani, mikono nyuma. Nikaitwa. Nilisimama juu ya sanduku la chai kwa sababu mimi ni mfupi. Sauti haikuja. Kijana mmoja akasema, "Ameletwa bubu kutusomea." Watu wakacheka, na kwa namna fulani kicheko kikanisaidia, maana mabaya yalikuwa yameshatokea.

Nikasoma. Jina, magunia, tarehe. Sikuwa na hotuba. Sikumtaja mtu. Ila nilipofika mstari mwekundu nilisoma tarehe nikaongeza siku. Tarehe tisa Machi, Jumamosi. Nikaendelea. Mwingine, Jumamosi. Wa tatu, Jumamosi.

Hapo Mama Nyaboke akaita kutoka nyuma, "We mtoto, hebu rudia siku."

"Jumamosi, mama."

"Ghala hili? Jumamosi?"

Nikasoma ule wa makambi. Tarehe 24 Agosti, siku tuliyokuwa wote Nyanchwa. Unaweza kuona watu wakihesabu Sabato zao kichwani. Mzee Ombati akasimama, akasema dole gumba ni lake na aibu ni yake, na asiyeamini aende kwa mama Kemunto atazame nyuma ya kabati. Akakaa.

Halafu yule yule mama wa mitumba wa Daraja Mbili akasema, taratibu kabisa, "Sasa kama Mogaka alikuwa hapa akibonyeza mizani, nani alikuwa kanisani akitutoboa masikio?"

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika ukuta. Si kile kicheko cha sokoni. Walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa pale, kila mmoja alimsikia, Sabato baada ya Sabato, na hakuna aliyewahi kulifikiria.

Nilitazama dirishani. Hakuwapo. Alikuwa amekwenda kukaa nyuma ya ghala. Mzee Ombati alimfuata huko, wakakaa. Sijui waliambiana nini.

Wamekubaliana kupeleka nakala yangu kwa afisa wa ushirika. Pesa hazitarudi, nadhani. Wanaume wawili waliokwenda Keroka mara baada ya mkutano wamekuta duka la karani limefungwa, mchana kweupe.

Ijumaa, 27 Agosti

Mnunuzi alifika na kamba ya kupimia shamba. Baba mdogo alimkaribisha chai, akampa mkungu mzima wa ndizi, akamsindikiza mpaka barabarani. Yule mtu aliondoka amefurahi sana na akiwa hajaelewa kitu.

Bosibori anafungua vyungu. Nimemsaidia. Nimevunja kimoja. Amesema nikivunja kingine nitahamia Kitale mimi.

Wameomba baba mdogo apime tena ghalani wakianza. Amesema atafikiria. Mama mdogo amesema ameshafikiria.

Jumamosi, 28 Agosti

Jua limezama.

Mvua kidogo asubuhi. Kanisani baba mdogo alikaa kiti kile kile cha mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia asogee mbele, na nilishukuru. Watu walimsalimu kwa jina lake.

Wimbo wa kwanza alichezesha midomo. Wa pili pia. Katikati ya wa tatu nikaisikia, chini kabisa, ya kukwaruza kidogo kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Sikugeuka. Hakuna aliyegeuka. Ubeti wa mwisho vioo vilitikisika.

Mama akaziba sikio. Moja tu.