Mstari Ulioufunga kwa Mkono

Baba Hoza,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kabla ya kugusa kitu, maana ulinirudisha mlangoni mara nyingi kwa kosa la kutosalimu.

Seva ya hospitali bado iko chumba kilekile, nyuma ya famasi. Kiti chako kimechukuliwa na watu wa mapokezi, sikubisha. Lililobadilika ni kwamba mipangilio ya hifadhidata siiandiki tena kwa mkono kama ulivyonifundisha. Nimetengeneza programu. Jumapili, kliniki zikiwa zimefungwa, inajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, inapima kasi, kisha inabaki na ulio bora. Wewe ulitumia wiki nzima na daftari. Yenyewe ilimaliza kabla ya ibada ya pili. Nilijivuna, sikufichi.

Kati ya vitu ilivyobadilisha ulikuwamo mstari wako mmoja, ule unaoilazimisha seva iandike kila kitu kwenye diski kabla ya kusema imepokea. Programu iliona mstari huo unachelewesha kazi, ikauzima. Nami nikaona ni mambo ya wazee tu, kama baba yangu asivyotaka kuachana na redio yake ya zamani. Nikakubali.

Alhamisi moja mvua iliangusha nguzo barabara ya Soni, umeme ukakatika. Betri za akiba za seva, ulizokuwa ukizikagua kila mwezi, sikuwa nimezigusa tangu tukuzike, nazo zikagoma. Seva ilipowaka tena, vipimo vya wagonjwa sita wa mwisho wa kliniki ya sukari havikuwamo, ingawa muuguzi alikuwa ameambiwa na skrini kwamba vimehifadhiwa.

Tuliwaita warudi. Bibi mmoja alishuka tena kwa miguu kutoka Irente, akanyoosha kidole kingine, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, damu yangu ya juzi mliipeleka wapi?"

Nilijifungia chumba cha seva nikalia. Nikakukasirikia pia, kwa nini hukuandika sababu ya mstari ule. Halafu nikakumbuka kwamba uliisema, siku yangu ya kwanza, ukiwa dirishani unatazama mawingu yanavyoshuka: "Hapa kwetu kwanza kiandikwe, mbio baadaye." Nilidhani unanihubiria.

Programu bado inafanya kazi, na mengine yote inayapanga vizuri kuliko mimi na wewe. Mstari wako nimeurudisha. Ikitaka kuugusa inabidi isimame, iombe, isubiri mtu aitikie. Sababu nimeiandika pembeni, na jina lako.

Betri nitazikagua kila mwezi. Nitakayemfundisha nitamweleza sababu hiyo siku ya kwanza, na nitamwelezea habari za yule bibi, asije akadhani namhubiria.

Pumzika, Baba. Asubuhi nikifungua mlango bado nasema shikamoo kwenye chumba kitupu, kisha nasubiri kidogo kabla ya kukaa.

Mwanafunzi wako,
Rehema