Siku Niliposhusha Mikono

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Bado linakuamsha kabla ya jogoo? Mimi ni mzima, ukiondoa jicho la kushoto lililofura hadi naona nusu ya dunia tu, na hiyo nusu yenyewe siielewi.

Pambano nimepoteza. Usianze kufurahi, najua unaomba kila siku niachane na ndondi. Sikiliza kwanza nilivyopoteza.

Mpinzani wangu, dada mmoja wanayemwita Chuma, nilimbana tangu mwanzo. Raundi ya tano nikampata kwa konde la kulia, macho yake yakazimika. Hakuanguka. Alisimama palepale, mikono juu, lakini ndani hamkuwa na mtu. Mwamuzi hakuona, au aliona akanyamaza. Kocha wangu anapiga kelele, "Mmalize! Mmalize!" Nami, Shangazi, nikashusha mikono. Nikamgeukia mwamuzi nimwoneshe. Hapohapo Chuma akazinduka, akanitwanga shavuni, nikaenda chini, nikahesabiwa mpaka mwisho.

Kocha hakunitazama wakati ananivua glovu. Alisema tu, "Shujaa hana huruma ulingoni. Ukitaka kuhurumia watu, nenda kauguze wagonjwa." Hilo ningelimeza. Lakini Chuma mwenyewe alinifuata chumbani nilipokuwa nabadilisha nguo, mdomo umepasuka, akaniambia, "Nani alikutuma unionee huruma? Umenichafulia ushindi wangu."

Wewe ulinilea ukiniambia shujaa hampigi aliyelala. Lakini huyu alikuwa amesimama! Sasa nilikuwa shujaa au mjinga?

Mwanao,
Mwiba


20 Machi

Mwiba wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti ni lilelile, tumeshazoeana kama mke na mume. Hilo jicho likande kwa maji baridi na uache kulibonyezabonyeza, maana nakujua.

Barua yako niliisoma kwa sauti saluni. Nisamehe, ilinizidi. Mteja niliyekuwa namsuka akasema umefanya utu. Aliyekuwa anasubiri zamu akasema kama ni utu ungebaki nyumbani, kwani ulingoni ulikwenda kufanya nini, kusalimia? Wakabishana mpaka nikapinda mistari, ikabidi nifumue kichwa cha watu nianze upya. Na mimi katikati yao sikujua nimuunge mkono nani.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeuzungusha msemo huo siku nzima. Kwako kimekwenda kilio, basi wewe ndiye shujaa? Au wahenga walikuwa wanatushauri tuwe waoga? Mimi najua kusuka, mwanangu, haya mengine yananitoa jasho. Ninalojua ni kwamba ungempiga mtu asiyekuona, usiku huo nisingepata usingizi.

Shangazi yako


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya mno, na najua umeshaninunia. Nina afya, nakula, nashinda pale kwa dobi nikikunja mashuka ya hoteli. Mazoezini siendi tena.

Chuma yuko hospitali. Ushindi alioupata kwangu ulimpatia pambano kubwa, dhidi ya bondia aliyenizidi mimi kwa kila kitu. Raundi ya tatu alipigwa akaanguka, hakufumbua macho hadi kesho yake. Wamempasua kichwa kutoa damu.

Kocha alinifuata kazini. Hakuja kugomba, na heri angegomba. Alisema polepole, huku akishikashika mashuka kama anayetaka kununua, "Ungemwangusha wewe siku ile, chama cha ndondi kingemsimamisha, angepimwa kichwa, angepumzika. Wewe ulimwacha amesimama."

Kwa hiyo huruma yangu ndiyo iliyompeleka huko? Ningekuwa katili angepona? Nageuza hivi, nageuza vile, sioni pa kushika. Niambie kitu, hata uniseme.

Mwanao,
Mwiba


18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Ningekuwa na jibu ningekuletea kwa miguu, na goti hilihili. Lakini kocha wako anajua leo. Siku ile na yeye hakujua, alitaka ushindi tu.

Nenda ukamwone. Usijipange maneno. Mgonjwa ana nguo za kufuliwa na maji ya kuchotewa. Nenda na mikono.

Shangazi yako


2 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Sikuandika kwa sababu sikuwa nimekwenda kumwona Chuma. Mara ya kwanza niliishia kwenye ngazi za nyumba yao, nikarudi. Mimi ninayeingia ulingoni bila kumeza mate!

Nilipofika mara ya pili, dada yake mkubwa alinifungulia. Chuma alikuwa kitini karibu na dirisha, upande wake wa kulia umelegea. Akaniuliza, "Wewe nani?"

"Mwiba. Tulipigana."

Akaniangalia weee. Dada yake akaninong'oneza kwamba mwaka huu wote umefutika kichwani mwake.

"Nani alishinda?" akauliza.

Shangazi, nilikuja kuomba msamaha. Nilikuja nimweleze mikono niliyoishusha, ili angalau yeye aniambie nilikuwa nani siku ile. Mdomo ukafunguka, nikasema, "Wewe."

"Kihalali?"

"Kihalali kabisa. Uliniangusha."

Akacheka. Dada yake akaacha ufagio, akakaa chini kulia, eti hajamsikia akicheka tangu watoke hospitali.

Nimedanganya? Aliniangusha kweli. Hayo mengine sasa tunayajua mimi na wewe, na kocha, na saluni nzima.

Tangu hapo nakwenda kila Jumapili. Nafua, namfanyisha mazoezi ya vidole, ananitukana ninapomkazania. Na kila nikienda anauliza upya nani alishinda. Jumapili iliyopita maneno hayakumtosha, akataka nimwoneshe nilivyoanguka. Basi nikajibwaga sakafuni, watoto wa jirani wakashangilia mlangoni. Nilipofumbua macho, Chuma ameinama kutoka kitini, ameninyooshea mkono, ule uliolegea, ili aniinue.

Niliushika. Nikajisukuma kwa miguu, asijue.

Mwanao,
Mwiba