Kwa Boaz, fundi aliyewavalisha Waitaliano

Leo mwaka umetimia, Boaz, tangu moyo wako usimame ghafla hapa Dubai, nasi tukakusindikiza hadi nyumbani Vihiga. Bado kuna watu wanapita dukani Satwa kuuliza kama suruali zao ziko tayari. Tukiwaambia fundi amepumzika, wengine wanajibu, sawa, tutarudi kesho. Hiyo "kesho" walijifunza kwako.

Ulikuwa mtu wa watu. Vijana wa kambi za wafanyakazi za Muhaisnah walikuletea ovaroli zilizochanika magotini, na kwa kuwa hawakuwa na nyingine, ukawashonea papo hapo wakiwa kwenye benchi wamejifunga mabaki ya vitambaa kiunoni. Ulipenda kuwaambia wakae sawa, maana arbab, bosi wao, akipita atadhani umefungua hospitali. Hakuna aliyeondoka bila chai.

Na ulikuwa unaimba. Ukishona unaimba, na wimbo ukifika pale pa kushuka chini na besi, mguu wako unaisahau mashine. Wimbo huo ndio uliokuletea Waitaliano.

Walikuja mwaka 2013, kampuni ndogo ya michezo ya nyimbo kutoka mkoa wa Marche. Kwao huwa wanazunguka miji ya milimani, leo hapa, kesho pale, mapazia na masanduku ya nguo yote ndani ya lori moja. Siku ya mazoezi mwigizaji wao mkubwa alipiga magoti kumchumbia binti, suruali ikaachia nyuma. Mkuu wao, Signora Ornella, akaileta Satwa kwa teksi. Alikukuta katikati ya wimbo, akasimama mlangoni mpaka ukamaliza. Ulimwambia huo ni wa kwaya yetu. Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, tukamwona kanisani, benchi la nyuma, anafuta macho.

Mchezo wao uliishia kwenye sherehe ya mavuno ya zabibu, kijiji kizima kinaimba. Lakini nauli ya ndege iliwabana, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na watu saba. Signora akaomba kwaya yetu iwe kijiji. Akasema tuvae nguo zetu za kwaya, basi. Yeye alikuwa ametuona na mashati meupe.

Hakujua kwamba umekuwa ukitushonea majoho mapya, zawadi yako kwa kwaya. Zambarau iliyoiva, kola ya dhahabu, na ndani bitana ya rangi ya malai, ile ya maziwa. Kazi hiyo uliipenda kuliko zote. Mkeo Roselyne alikuwa akikukuta umeyatundika ukutani unayaangalia tu, kama mtu aliyepata mtoto. Betty, mwenyekiti wa kwaya, alipendekeza tusiwaambie wageni, tuwashtue kidogo.

Kweli walishtuka. Tuliposhuka kwenye basi nje ya ukumbi, tumeng'aa zambarau kutoka shingoni hadi miguuni, Mwitaliano mmoja alirudi ndani mbio. Mwingine alishika chuma cha ngazi, kama mtu anayejikinga, akakataa kukiachia. Signora Ornella alikuja, akakushika mkono, akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba kwao rangi ile haikanyagi jukwaani. Ni mkosi mkubwa. Waigizaji wake wameshasema: kwaya ikipanda hivyo, wao hawapandi.

Tuliokuwepo tunakumbuka ile simanzi. Watu walikuwa wamebadilishana zamu za ulinzi. Wengine walikuwa wamewabembeleza madam zao wa kazini wiki nzima wapate jioni moja. Roselyne alikuwa na kipande cha mstari mmoja cha kuimba peke yake, cha Kiitaliano, amekikariri akiosha vyombo mpaka majirani wa mtaa wa JVC nao wakakijua. Na watazamaji walishaanza kuegesha magari.

Betty akawaka. Akasema zambarau ni rangi ya ufalme wa Bwana, na kama ni hivyo tunarudi zetu. "Fundi, sisi tumeokoka. Tuvue nguo ya kanisa kwa sababu ya mikosi ya watu?" Nusu ya kwaya ilikuwa imeshageuka kuelekea basi.

Ulimgeukia Signora ukamwuliza, kwa upole wako ule, hiyo rangi iliwakosea nini. Na yeye akakueleza kwamba zamani sana, mapadri wa kwao wakivaa zambarau za Kwaresima, michezo yote ilipigwa marufuku hadi Pasaka. Waigizaji walikaa bila kazi, na watoto wao bila chakula. Tangu hapo wakiiona rangi ile jukwaani damu inawasisimka, hata wasiojua sababu.

Halafu ukatugeukia sisi.

"Betty, dada yangu, hiyo si mikosi. Hiyo ni njaa. Mimi njaa naijua, siwezi kumwimbia mtu nimevaa njaa yake."

Betty alikuangalia, akafungua kola yake ya dhahabu. Akavua wa kwanza.

Ndipo ukatuambia tuyageuze majoho, ndani nje. Na hapo ndipo tulipouona ushonaji wako, Boaz. Kwa mafundi wengi ukigeuza nguo unakutana na nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mbuzi. Kwako bitana ilikuwa safi kama uso wa nguo yenyewe. Ulimwomba mwanamke wao wa mavazi sindano, na nyinyi wawili, bila lugha, mkakaa sakafuni mkikunja mikono na shingo za majoho ili zambarau isichungulie hata kidogo. Yalla, yalla, yaani haya twende, ndilo neno pekee mliloelewana. Dada yako Peninah alikuona ukifunga pindo la mwisho juu ya rangi uliyoipenda, akakuuliza kama haikuumi. Ulimjibu kwamba inauma, akupishe umalizie, mwanga hautoshi.

Signora alikagua kila mmoja wetu. Akacheka, akasema mkosi hauna mikono ya kufunua bitana.

Tukapanda tumevaa malai kama wavunaji wa zabibu waliotoka kufuliwa. Roselyne aliimba mstari wake hadi mwisho. Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakipiga viti. Waigizaji wote saba walikuja nyuma ya pazia wakakukamata, nawe unang'ang'ania mlango ukidai umevaa kandambili. Walikutoa hivyo hivyo, futi ya kupimia shingoni, ukainama mbele ya ukumbi mzima. Mwanao Nick alikuwa mdogo, amebebwa mabegani. Bado anasimulia shuleni kwamba baba yake aliwahi kupigiwa makofi kwa Kiitaliano.

Baada ya hapo ulikuwa fundi wao. Mchezo uliofuata ulishonwa wote Satwa, ukasafirishwa Marche, na kwenye bango lao, chini ya Mavazi, lilisimama jina lako peke yake.

Juzi Signora Ornella alipiga simu kutupa pole ya mwaka. Tulidhani nguo zile zimeshachakaa. Akasema hapana, wiki hii ziko jukwaani, mji mmoja juu ya mlima. Waigizaji ndio wamechakaa: wamenenepa wote, tena sana. Lakini kila wanapofungua mshono wanakuta uliwaachia kitambaa cha ziada ndani, kimekunjwa vizuri, kinawangoja. Wanaachia kidogo, wanavaa, wanaimba.

Tunaokukumbuka ni mkeo Roselyne, wanao Lynette na Nick, kaka yako Dancan, dada yako Peninah, na kwaya yako yote. Tunajivunia wewe, Boaz. Siku ya kukusahau haipo.