Sindano Zisizo na Dawa

Kitshanga,
tarehe 9 Novemba 2012

Mpendwa kaka Jérôme,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hamjambo huko Kampala? Mke wako Elodie na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama anakula vizuri, ila miguu imemkataa kabisa. Upande wa Kashuga bunduki zimeanza kulia tena, na mizigo tumeshaifunga.

Sasa habari za dada Rosalie. Madaktari wa huko kwako walisema saratani imekwisha. Mbona basi uchovu haukwishi? Anaamka amechoka, anafua nguo moja, anakaa chini. Tulipokimbia kutoka Kalembe, Edmond alimbeba mgongoni njia nzima, na mdogo wetu huyo unamjua alivyo mwembamba. Wapiganaji wakitufikia hapa, dada atatokaje? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mimi nilisema tangu mwanzo: hii si saratani tena, ni sumu ya kulishwa na watu, ni karuho. Kikulacho ki nguoni mwako, na majirani wote nawatazama kwa jicho la pembeni.

Halafu akaja mtawa mmoja muuguzi, Masseri Epiphanie. Anawachoma wagonjwa visindano vyembamba kama unywele. Nikauliza dawa yake iko wapi. Eti hakuna dawa! Kaka, umewahi kuona sindano tupu ikamponya mtu? Nikamwambia, "Masseri, kwetu mwenye kumimina pombe njo anaonja wa kwanza." Akacheka, akajichoma mkononi mbele yangu. Sikuridhika, maana wenye karuho humeza kinga yao mapema. Nikatoa mkono wangu mwenyewe. Haikuuma, ila nilisinzia pale kwenye kiti mpaka jioni, na hilo nalo sikulipenda.

Pamoja na sindano anamfundisha dada kujitunza: apumzike kabla hajachoka, achague kazi moja ya maana kwa siku, atembee kidogo kila asubuhi. Atembee! Sisi kwa kumpenda tulikuwa hatumwachii hata kikombe akiinue, na huyu anamtoa barabarani. Nikawaza labda kuna mtu anamngoja huko.

Basi nikawa namfuata dada, nikijificha nyuma ya ng'ombe wanaopelekwa sokoni. Mwanzoni aliishia kanisani. Baadaye akafika darajani, akakaa kwenye jiwe, akainuka tena. Hakusimama na mtu. Jana akapanda kilima kizima kwenye barabara ya Sake, ile tutakayopita tukikimbia. Nikashindwa kujizuia, nikamtokea.

"Dada, unaenda kwa nani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Siendi kwa muntu. Napima miguu yangu. Edmond iko na mugongo moja tu, Kyakimwa. Safari hii atabeba Mama."

Nililia palepale barabarani, kaka. Katika hofu yangu yote, Mama nilikuwa sijamfikiria.

Sindano zile bado siziamini. Lakini yule mganga niliyemwagiza kutoka Walikale aje kutoa karuho, nimemtumia ujumbe asubiri kwanza. Sikusema asije kabisa.

Nisalimie sana Elodie, na wanangu Fifi na Guylain. Mama anakubariki, na Rosalie anasema usimwonee huruma. Mungu awafunike huko na atuongoze huku.

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako mwenye kushuku hata kivuli chake,

Kyakimwa