Kitabu Kilichovishwa Shuka

Shangazi Brigita, shikamoo, ingawa sina hakika nani kati yetu anapaswa kumwamkia mwenzake, maana mimi nina mvi hadi kwenye nyusi na hutafuta miwani nikiwa nimeivaa. Majina nimebadilisha, lakini Karatu ni ndogo, watanijua tu.

Mimi ni mkutubi katika chuo cha kilimo na mifugo, ila si yule unayemkuta kaunta, mimi ni wa chumba cha nyuma, ndiye ninayepokea vitabu vipya, nikavigonga muhuri, nikaviingiza kwenye kompyuta, nikavibandika namba mgongoni na kuvivika plastiki, na kitabu kisichopita mikononi mwangu hakiendi rafuni, ndiyo sheria, na nakiri naipenda kazi hiyo kupita kiasi, lebo ikikaa upande kidogo naibandua naanza upya, mke wangu husema laiti ningepiga pasi mashati yangu kwa bidii hiyo.

Sasa masika tulipata msaada wa maboksi ya vitabu vya magonjwa ya mifugo, wanafunzi wakawa wanachungulia mlangoni, "Ticha, bado tu?" nami nawajibu, "Bado havijavaa," na mwenzangu wa kaunta, Cresensia, akawa ananitania kwamba vitabu vyangu vitaota mvi kama mimi kabla ya kusomwa, nikacheka, mvua zikaisha, maboksi bado yapo, nikaenda likizo Mbulumbulu kuvuna maharage, na niliporudi nikakuta maboksi matupu, Shangazi, matupu! Cresensia ameviazimisha vyote hivyo hivyo, bila muhuri, bila namba, eti mitihani ya vitendo imekaribia na ugonjwa wa ndigana unaua ndama huko makwao wanafunzi.

Nilimfokea mbele ya wanafunzi, nikamwambia maktaba si mnada, naye akajibu kwa sauti ya chini tu, "Kaka Valeriani, ndama hawasubiri plastiki yako," na tangu hapo hatusemeshani, yeye anakunywa chai kaunta, mimi nakunywa na maboksi. Tena kwa hasira zile nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikasema vitabu vimepotea, naye akanitaka niandike taarifa, na mkataba wa Cresensia unaisha mwezi huu, mkuu anasubiri taarifa yangu ndipo aamue kama atauongeza.

Lakini vitabu vimerudi, Shangazi, vyote, kimoja kinanuka moshi, kingine kina udongo wa Endabash, na cha mwisho kaleta kijana wa Ngorongoro, Saning'o, kimeshonewa jalada la shuka nyekundu, mishono imenyooka, akanikabidhi kwa mikono miwili akisema, "Samahani Ticha, mama alikikuta hakina nguo, akasema hawezi kukirudisha kwa wenyewe kikiwa uchi."

Sasa nimekaa nacho mezani. Nikiandika ukweli, sheria imevunjwa na Cresensia anaondoka, na mimi nitaulizwa maboksi yalikaa kwangu kwa nini. Nikinyamaza, nimemdanganya mkuu. Nifanyeje?

Mkutubi wa Chumba cha Nyuma, Karatu

*

Marahaba, Valeriani wa jina la kubuni. Naipokea shikamoo yako, mvi zangu zilitangulia.

Nimecheka, kisha nimekuhurumia, kisha nimekasirika, kwa mpangilio huo. Nimekuhurumia kwa sababu mtu anayehangaika na lebo moja hivyo si wa kumtupa, mimi barua zenu nazihifadhi kwenye kapu la vitunguu. Nimekasirika kwa sababu ulimwambia mkuu vitabu vimepotea kabla hujauliza viko wapi. Havikupotea, kaka yangu. Vilikuwa kazini, wewe ukiwa kwenye maharage.

Cresensia naye simwachi hivi hivi. Angekupigia simu, hata huko Mbulumbulu mtandao unashika ukipanda kilimani. Mwambie hilo, atalikubali, ila baada ya kumwomba radhi, si kabla. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya wanafunzi, radhi uiombe mbele ya wanafunzi, pale pale kaunta. Usimwite chumba cha nyuma maboksi yawe mashahidi.

Taarifa iandike kesho asubuhi, na uanze na wewe: vitabu vilikaa kwangu tangu masika, na niliposema vimepotea nilikosea. Halafu yeye: aliviazimisha bila kufuata utaratibu, vilihitajika, vyote vimerudi. Usimpambe, usimchafue. Mwishoni pendekeza kwamba kitabu kinachohitajika haraka kigongwe muhuri, kipewe namba, kitoke siku hiyo hiyo, plastiki itakifuata baadaye. Mwambie mkuu wazi kwamba unaomba mkataba uongezwe, kwa sababu bila mwenzako huyo wewe utabaki na maboksi yako hadi ustaafu. Mpe Cresensia aisome kwanza, kisha ipelekeni pamoja. Siwezi kukuapia mkuu atasema nini, lakini mtu akiletewa kosa na dawa yake kwa pamoja, na wenye kosa wote wawili wamesimama mbele yake, ni vigumu kumfukuza mmoja.

Kikombe chako cha chai kihamie kaunta kuanzia leo.

Na kile cha shuka, najua mkasi uko karibu na vidole vinakuwasha. Usikivue. Mwombe mkeo akufundishe sindano, uishone namba yako juu ya shuka hiyo hiyo, ukipeleke rafuni. Ikikaa upande, iache.