Daftari Lenye Harufu ya Mafuta ya Nazi

Sidi, mpwa wangu,

Ni mimi mjomba wako Karisa, fundi wa makuti niliyeezeka nusu ya mahoteli ya Watamu, na hiyo nusu nyingine inavuja. Ungekuwepo ungesema, "Mjomba, umeshaanza." Nimeandika hivyo kwa mazoea tu. Mwenyewe sikucheka.

Tulipokuzika mahindi yalikuwa hayajapandwa. Sasa yananifika kiunoni. Mamako hajambo, anakula akikumbushwa. Mimi nakula, nalala, napanda juu ya paa, nafunga kuti baada ya kuti. Sijalia. Watu walidhani nitalia kuliko wote, maana kila kitu mimi hufanya kuliko wote. Pale kaburini nilikuwa natazama kiatu cha mtu mmoja, kamba yake imefunguka, nikawa nawaza ataanguka. Ndicho ninachokumbuka cha siku ile. Hakuanguka.

Mangweni kwa wanywa mnazi naenda mara moja moja. Wananiambia, "Karisa, hebu tupe ile ya chui." Yule chui niliyempiga kofi msituni, unamjua. Nakunywa kata moja ya mnazi, naaga, naondoka. Sasa hivi hata sina hakika kama hakuwa paka.

Kamati yenu ya kutetea ardhi imebaki jina. Mwenyekiti amehamia Kikambala, analinda geti la hoteli. Mwalimu Nzai mwenzenu alipewa uhamisho wa ghafla, akaondoka hata vyungu vyake havijafungwa. Chifu alisema barazani kwamba wanaoandika habari za waliochomewa nyumba ni watu wa kuleta vurugu, na tangu siku hiyo hata waliochomewa wenyewe wanasema ulikuwa moto wa jikoni. Kijiji kizima, Sidi, moto wa jikoni, mchana mmoja. Tajiri mwenye hati ya lile shamba lililokuwa kijiji ameshazungusha waya.

Nakumbuka tulivyotembea kwa miguu hadi Vitengeni kuwatafuta waliochomewa, waliokimbilia kwa ndugu zao, uandike ushahidi wao. Wewe na daftari lako, mimi na kopo langu la wino. Wasiojua kuandika walitakiwa watie dole gumba chini ya maneno yao, na wino wa mhuri ulikuwa umetuishia, nikakwambia niachie mimi. Nikakoroga masizi ya sufuria na mafuta ya nazi. Nilikuambia wino ule utakaa miaka mia. Mafuta yakapenya, kila dole likatokea na ukurasa wa pili. Ulikasirika. Halafu ukasema si kitu, angalau linanukia.

Mama Dama ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wewe ukiuliza polepole: nani alikuja, jua lilikuwa wapi, uliona kwa macho yako au uliambiwa? Akasema walikuwa watu sita wenye marungu na galoni ya petroli. Mimi nikadakia kwamba watu sita hawawezi kuchoma kijiji, sema sitini. Hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Mjomba, yeye amesema sita. Naandika sita." Nilinuna mpaka tukarudi Malindi.

Kisha akaja yule bwana wa shati safi. Ulikuwa ukiishi nasi uani kwa mamako, chumba cha kamati kikiwa hapo hapo, basi akaketi barazani akanywa chai kama mgeni wa heri. Akakusifu hati yako nzuri ya mkono. Akakitaja kisima unachoteka maji, akaitaja na njia unayopita kwenda, akasema njia ile ina nyoka. Akashukuru kwa chai. Alipoondoka ulikiosha kile kikombe mara mbili.

Mangweni nilisimulia kwamba nilimkimbiza na panga mpaka barabara ya lami. Sidi, nilikuwa chooni. Nilimsikia akija nikaingia, na sikutoka mpaka niliposikia mlango wa Landrova.

Baada ya hapo ukanipa daftari limefungwa kwa nailoni, ukasema, "Mjomba, lifiche kwenye paa." Hilo nililifanya vizuri, nipe haki yangu. Nilinyanyua makuti safu mbili juu ya mlango, nikalilaza kwenye fito, nikafunga fundo langu ambalo hakuna fundi mwingine pwani hii analijua. Ukiwa chini huoni kitu.

Sasa sikia, ijapokuwa nadhani ulijua.

Hazikupita siku nyingi nikakutana mangweni na mgeni aliyekuwa akisifu kazi za makuti. Alisema ameona paa zangu Watamu. Akanijazia kata, akanijazia ya pili. Nikamwambia hizo za Watamu ni mchezo, kuna paa moja Malindi, uani kwa dada yangu, nimelifungia siri ambayo hata mvua ya masika haiijui. Akacheka sana. Na mimi nikacheka.

Siku ya pili yake wakaja watu wa yule bwana wa shati safi, na Landrova ile ile. Hawakugusa kitanda, hawakufungua sanduku. Walipanda moja kwa moja juu ya mlango wakang'oa makuti, safu mbili, pale pale. Wakafungua nailoni, wakakuta daftari lako la hesabu la darasa la saba. Kujumlisha na kutoa, na alama za mwalimu kwa wino mwekundu. Mmoja wao alilisoma kurasa tatu nzima akitafuta. Halafu wakakuchukua wewe.

Siku nne. Ulirudi na kikohozi na hukutaka kusimulia. Kikohozi kikashuka kifuani, ukapelekwa hospitali, ukatoka, ukarudishwa, na basi. Muda wote ule mimi nilikuletea madafu, nikikaa pembeni ya kitanda nikikueleza habari za chui. Hukuniuliza hata mara moja nani alisema. Ungeniuliza ningekataa. Pengine ndiyo maana hukuuliza.

Matanga yalipokwisha mamako aliniita jikoni. Akapanda uchagani, juu ya meko, akapekua mahindi, akashusha daftari lenyewe. Limekauka kwa moshi lakini mafuta ya nazi bado yananukia. Akasema uliacha maneno. Nikadhani ni maneno ya kunilaumu, nikakaa chini kabisa, sakafuni. Mamako akayatoa kama ulivyomkabidhi: "Mpe mjomba. Wenzangu wote wanaogopa kusema, na yeye hajawahi kushindwa kusema. Ila mwambie asiongeze."

Wakili wa Mombasa ameleta habari kwamba kesi ya waliochomewa itasikizwa Jumatatu, na anamtaka mtu aliyekuwapo maneno yale yakiandikwa. Aliyebaki ni mimi. Juzi nilikuwa juu ya ngazi, naezeka, yule bwana wa shati safi akaja akasimama chini, mkono ameuweka kwenye ngazi. Akasema, "Mzee Karisa, nasikia wewe ni bingwa wa hadithi. Basi zibaki mangweni." Akaitikisa ngazi kidogo, kama mtu anayejaribu kama ni imara. Nilikuwa na majibu ishirini mdomoni, unanijua. Nilifunga kuti. Lile fundo langu nililifunga mara tatu halikukaa. Hii sijamsimulia mtu, nakuambia wewe tu.

Siandiki haya ili unisamehe. Hata sijui nasikia nini ndani, ni kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia lakini huna hakika na ardhi. Ila kila mchana nimekuwa nikisoma daftari lako, herufi kwa herufi, kwa kidole, maana darasa la nne halikunifikisha mbali. Mama Dama alikuwa na nyumba mbili na banda la mbuzi. Mimi siku zote nilisimulia tano. Ni mbili. Nimezikariri zote, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, na dole lipi ni la nani.

Pumzika, mwanangu. Mamako nitamwangalia, na paa juu ya mlango nimeshaliziba. Jumatatu nitavaa ile kanzu yangu ya harusi, nitasimama mbele ya hakimu na daftari lako mkononi. Bwana wa shati safi naye atakuwepo, atakaa mbele nimwone. Wakiniuliza walikuwa watu wangapi, nitasema sita.

Mjomba wako,
Karisa