Picha za Upande wa Barabarani

S.L.P. 41,
Mikumi, Kilosa.
14 Novemba 2025.

Mpendwa Mjomba Cleopa,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na mkaza mjomba Hildegarda na wote wa nyumbani. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ganzi imepanda hadi gotini, nami nikakuomba uache kushinda kwenye kigoda kutwa nzima. Najua hukuacha.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Cosmas bado yuko na kazi yake ya matairi pale barabara kuu, watoto wanasoma, na Brightness ameota lile jino la mbele ambalo tulikuwa tumeshalikatia tamaa. Wiki iliyopita tembo walipita wakamaliza migomba ya jirani. Kwetu hawakugusa kitu.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Nimemwomba Deo, dereva wa lori anayekuja huko kuchukua mpunga, akukabidhi mkononi. Ningeweza kukupigia, ila nakufahamu Mjomba wangu. Kabla sijafika katikati ya maneno ungekata, ukampigia Mama na kumfokea, naye angeniita nijieleze mbele yenu wote wawili. Nataka usome hadi mwisho, ndipo ukasirike. Utakasirika, tena wa kwanza kukukasirisha ni mimi.

Ni habari ya nyumba ya Mama kule Kilosa.

Picha zote ninazoweka kwenye kundi la familia nimezipiga nikiwa nimesimama barabarani. Rudi uzitazame. Msingi, kuta, lenta, lile bati jekundu mlilolishangilia wiki nzima, siku Mama aliposimama mlangoni na kitenge kipya: zote ni za mbele. Tangu mwezi wa nane sijapiga hata moja ya nyuma. Sikusahau, Mjomba. Nilikuwa naficha.

Nianze na mchanga. Unakumbuka siku ya kuchimba msingi nilivyokupigia kwa furaha? Fundi Beda alikuwa ameshuka futi tatu akakutana na mchanga mtupu, safi, kana kwamba umechekechwa. Wewe ukacheka, ukasema, "Tambarare, halafu na mchanga juu yake? Mungu awape nini tena?" Tukacheka wote. Sisi ni watu wa Mamboya. Kwetu anayetaka kujenga hukata mlima kwa jembe, na mchanga huubeba kichwani kutoka korongoni. Kiwanja kisicho na jiwe wala mteremko tulikiona zawadi, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini majirani wote wa upande ule wamelima mpunga na hakuna aliyejenga.

Basi Beda akawa anafyatua bloku kwa mchanga wa hapo hapo. Kila ulipohitajika alichimba nyuma ya nyumba, upande wa mto, maana upande wa mbele tulitaka Mama apande maua. Shimo likakua hadi darasa zima lingeenea ndani. Nilipouliza, Beda alisema tutalifukia kwa kifusi kazi ikiisha. Nikaridhika. Kila nikienda Kilosa kukagua nilikuwa natazama ukuta umepanda kiasi gani, shimo silitazami.

Mwezi wa nane chini ya shimo kukawa na unyevu. Mwezi wa kumi nikakuta maji, na mvua ilikuwa haijadondosha hata tone moja. Nilichomeka kijiti mahali maji yalipoishia. Niliporudi baada ya wiki mbili kijiti kilikuwa kimezama, na vyura walikuwa wanalia humo mchana kweupe, wakati nyasi za kiwanja kizima zilikuwa zimekauka. Mjomba, mimi si mtu wa ndoto wala ishara, unanijua. Lakini kutoka pale nilirudi barabarani, nikapiga picha ya mbele.

Halafu kuna ufa. Ulianza kwenye kona ya dirisha la chumba cha Mama, mwembamba kama uzi wa cherehani. Beda akaupiga lipu, akanitania kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukarudi. Akauziba tena, ukarudi pale pale, safari hii umeshuka hadi kwenye sakafu. Mara ya tatu aliuziba bila utani wowote. Juzi nimekwenda nikautia kidole kikaingia. Sakafu ya chumba hicho nayo haikauki. Ukilaza gunia jioni, asubuhi unaliinua likiwa zito.

Jirani wa karibu ni mama mtu mzima anayeitwa Bi Joha, ambaye babu yake alikuja zamani kukata mkonge. Anauza vitumbua njiani. Miezi yote hii alikuwa ananisalimia tu. Mwezi uliopita nilinunua vitumbua nikamsifia mchanga wetu, ili tu kupoteza muda nikingoja gari. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Mwanangu, huo mchanga mnaouita wenu, mliuleta nyie?"

Akanieleza taratibu. Zamani, kabla halijawekwa tuta la kuzuia maji, mto ulipita hapo hapo tulipojenga. Tuta likausogeza. Mwaka ule wa mafuriko lilipokatika, mto ulirudi njia yake ya zamani, na maji yalipokauka ukaacha mchanga. Sasa sisi tumeutoa mchanga, tumechimba upande ule ule unaotazama mto, na nyumba tumeisimamisha mbele ya shimo. Bi Joha anakaa juu zaidi yetu, mwinuko wa pili kutoka mtoni, na hata hivyo masika yote hufunga nguo zake kwenye furushi akaliweka mlangoni. Alipomaliza kunieleza alinifungia vitumbua, akaniombea safari njema.

Njia nzima ya kurudi Mikumi nilikuwa najilaumu. Lakini nilijua kumwambia Mama kutamvunja moyo. Unajua alivyoteseka. Nyumba yake ya kwanza ilikwenda na maji yale, akalala kwenye hema la wahanga miaka mitatu, kisha akaja kwangu. Ni miaka kumi na miwili sasa. Nikajipa moyo, nikasubiri Jumapili baada ya ibada, nikapanda naye gari hadi Kilosa, nikamzungusha nyuma ya nyumba. Nikamwonyesha shimo, maji na kijiti. Nikamweleza yote ya Bi Joha.

Hakushtuka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, Mjomba. Alitazama maji yale kama mtu anayetazama mgeni aliyekuwa akimngoja, kisha akasema, "Najua. Nilijua siku ile ya kwanza mliponileta. Mimi niliyaona maji yakipita hapa kwa macho yangu."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akaketi kwenye bloku zilizobaki, akajifunga kanga vizuri, akanijibu bila kupandisha sauti. "Scholastica, miaka kumi na miwili nakula nikiwa nimempa mkwe wangu mgongo. Nikitaka kwenda uani nasubiri atoke. Nikiumwa usiku nabana meno asinisikie. Mtu anaweza kuishi hivyo mwaka, anaweza miaka miwili. Maji yakija, yatanikuta kwangu."

Wewe unajua desturi yetu ya mama mkwe na mkwe kutokutana uso kwa uso, umeilea mwenyewe. Nyumba yetu ina vyumba viwili na korido moja. Cosmas ni mtu mwema, hajawahi kumkosea Mama hata kwa jicho, akirudi kazini hukohoa tangu kwenye geti ili Mama apate nafasi ya kujiondoa. Mimi nilikuwa naona hiyo ni heshima, na watoto wakaizoea. Kumbe kwa Mama kila kikohozi kilikuwa kinamfukuza. Nimelia sana kwa hilo. Mimi mwanawe, nalala naye ukuta kwa ukuta, sikuona.

Nilipomsimulia Cosmas, alikwenda kulala gereji kwake siku tatu ili Mama awe huru ndani. Mama alipogundua sababu ndipo alipozidi kuharakisha mambo. Alisema sasa amefikia kumhamisha mwenye nyumba.

Sasa nifike kwenye kosa langu hasa. Ulipompigia mwezi uliopita ukamwambia, "Dada, nyumba nimeiona, nzuri, ingia kwa amani," ulitoa neno hilo kwa ajili ya picha zangu. Mama alikuwa anangoja neno hilo tu. Kwetu dada hahamii nyumba mpya mpaka kaka yake aseme, na wewe ulisema. Tangu siku hiyo hasikii la mtu. Nimemsihi, Cosmas ametuma wazee wa kanisa, hata Kasisi aliyeombwa kuja kuibariki nyumba tarehe 29 alijaribu kumshauri asubiri masika yaishe. Akamjibu kwa adabu kwamba kaka yake ameshaiona nyumba na kuikubali. Neno lako ndilo linalompeleka pale, na aliyekulisha neno hilo ni mimi. Nilitaka mfurahi huko mliko. Nilitaka na mimi nionekane nimesimamia kazi vizuri. Nisamehe.

Ninalokuomba ni zito, na sikuombi kwa simu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba neno la mjomba halirudishwi na mjumbe. Akitaka kulirudisha, huja nalo mwenyewe kwa miguu yake. Najua miguu yenyewe ndiyo hiyo. Panda gari hivyo hivyo, Deo ameahidi kukupa kiti cha mbele akirudi. Uje kabla ya tarehe 29, usimame nyuma ya nyumba ile, uone kwa macho yako, kisha umwambie dada yako aisubiri. Cosmas ameshapata banda la vyumba viwili la kupanga hapa hapa Mikumi, lina mlango wake na choo chake. Mama amekataa hata kwenda kulitazama. Kutoka kwako hatakataa.

Usimlaumu Fundi Beda peke yake. Alichimba tulipomwonyesha, nasi tulimwonyesha tukicheka.

Nisalimie mkaza mjomba Hildegarda, mwambie mbegu za mlenda alizonipa zimeota zote. Wasalimie Agnesi na mumewe, na mzee Gerald wa hapo jirani aliyenipa miwa nilipokuja. Cosmas anakusalimu, watoto wanakuamkia. Mama hakusalimu, maana hajui kama nakuandikia.

Bwana akulinde njiani, akufikishe kabla ya mvua.

Mpwa wako akupendaye na aliyekukosea,
Scholastica.

15 Novemba, asubuhi.

Mjomba, nimeifungua tena bahasha. Deo yuko hapa anazibiwa tairi, ndiyo nimepata nafasi ya kuongeza haya.

Asubuhi hii Mama ametoka na godoro lake limefungwa kamba, akampa kondakta wa gari la Kilosa alipandishe juu. Nilimkimbilia nikamkumbusha kwamba tarehe bado. Akasema anakwenda kulianika tu kwenye nyumba mpya, lipate hewa. Jua halipo, Mjomba. Limetanda wingu tangu jana. Abiria walioshuka kutoka Mpwapwa wanasema huko kumenyesha siku mbili mfululizo, na mto ule wetu hausubiri mvua ya Kilosa. Unakuja na ya huko juu.

Nimepiga simu yako mara nne, haipatikani. Nilikuwa tayari kuvunja desturi, nikuombe ulirudishe neno lako kwa simu.

Namfuata na gari la saa nne. Nimemwambia Cosmas sitarudi bila Mama, na kama hatoki, nitalala naye katika chumba kile, siwezi kumwacha humo peke yake. Watoto wamebaki na baba yao. Ukifika, usipitie Mikumi. Nenda moja kwa moja Kilosa, uulize kwa Bi Joha wa vitumbua, yeye atajua tuliko.